Baada ya Mkutano, Mfuate Mtu Nyumbani

Ukiishi Arua hukosi mkutano wa injili. Wiki hii uko Arua Hill, wiki ijayo uko River Oli, na mwezi ujao kwaya zilezile zimepanda lori kwenda Koboko. Turubai linafungwa, spika zinapangwa, jenereta linaunguruma, na mhubiri mgeni anapokewa kwa vigelegele. Siku ya mwisho katibu anahesabu mikono iliyoinuliwa. Jumapili hesabu hiyo inasomwa kanisani na watu wanashangilia. Lakini subiri miezi mitatu, kisha uiulize kamati: wale waliookoka wanaishi wapi? Mchungaji atamtazama mwinjilisti, mwinjilisti atamtazama katibu.

Makala haya hayapingi mikutano. Mkutano huwakutanisha watu ambao wasingeingia kanisani, na mara nyingine mtu aliyekuja kusikiliza muziki ndiye anayebadilika kabisa. Shida ni kwamba tumeufanya mwanzo wa kazi kuwa kazi yenyewe. Bajeti ya mwaka mzima inaishia kwenye siku tano za uwanjani, na siku mia tatu na sitini zilizobaki hazina nauli ya bodaboda ya kumtembelea mtu mmoja.

Kama wewe ni mchungaji, katekista, mzee wa kanisa, kiongozi wa akina mama au wa vijana, ushauri wangu ni huu: huduma hufaa pale mtu anapofuatwa mpaka nyumbani kwake, akajulikana kwa jina, kwa lugha yake na kwa shida yake, na aliyemfuata akarudi tena. Hayo mengine yote ni matayarisho. West Nile, eneo letu hili la Arua na Koboko, ina historia ya kutosha kuonyesha hivyo.

Somo la Kuluva

Kilomita kumi hivi kusini mwa mji wa Arua iko Hospitali ya Kuluva. Walioijenga ni ndugu wawili, Ted na Peter Williams, madaktari wamisionari wa Africa Inland Mission. Ilikuwa hospitali ya kijijini, mbali na Kampala na mbali zaidi na maabara kubwa za dunia. Lakini ilikuwa na tabia moja nzuri: wagonjwa wa saratani waliandikwa kwa uangalifu, na pamoja na ugonjwa kiliandikwa pia kijiji alikotoka mgonjwa.

Mwaka 1961 Ted Williams alifuatana na Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa hospitali ya Mulago, na mwenzao Cliff Nelson, katika safari ya gari ya maili 10,000 iliyoanzia Kampala na kufika Afrika Kusini. Waliingia hospitali baada ya hospitali wakiuliza swali moja: uvimbe wa taya, saratani inayoua watoto, unaonekana hapa au hauonekani? Mwaka 1967 rekodi za West Nile za miaka ya 1961 hadi 1965 zilichapishwa katika jarida la madaktari la Uingereza. Zilionyesha kwamba watoto waliougua walielekea kutoka sehemu zilizokaribiana na kuugua katika nyakati zilizokaribiana. Baadaye watafiti walirudi, wakachukua damu ya watoto wapatao 42,000 wa West Nile, na matokeo yaliyotolewa 1978 yakaipa nguvu hoja kwamba kirusi cha Epstein-Barr kinahusika na saratani ile.

Simwambii mchungaji yeyote ageuke mtafiti. Nataka aone kilichowezesha kazi ile. Hospitali ya misheni yenye vifaa vichache ilichangia elimu ya dunia nzima kwa sababu haikuridhika kusema "tumewatibu wengi." Iliandika nani, anatoka wapi, aliugua lini. Kwa hiyo aliyetaka kurudi kwa watu wale alijua pa kwenda.

Daftari la kanisa liwe na nini

Nunua daftari la kawaida la shule, lile la jalada gumu. Chora mistari upate nafasi sita: jina, mtaa au kijiji na alama ya kuitambua nyumba, lugha anayozungumza nyumbani, jambo lililo moyoni mwake kwa maneno yake mwenyewe, nani atamtembelea, tarehe ya kurudi. Basi. Usiongeze nafasi ya kiwango cha imani wala ya kiasi cha sadaka.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mama mmoja Mkongomani anayeishi Lobule, yale makazi ya wakimbizi yaliyo wilaya ya Koboko, amehudhuria ibada mara ya kwanza. Katika nafasi ya nne mtembeleaji mzembe ataandika "anahitaji maombi." Mtembeleaji makini atakaa kwenye mkeka, atasubiri chai, na ataandika hivi: "Mtoto wa pili haendi shule tangu muhula uanze. Si karo, ni sare. Mama ana cherehani lakini imekatika mkanda." Sasa kanisa lina kitu cha kufanya. Mkanda wa cherehani unapatikana sokoni kwa bei isiyofika hata robo ya kukodi spika kwa jioni moja. Cherehani ikifanya kazi, mama atashona sare ya mwanawe na za watoto wa jirani. Mtembeleaji akirudi tarehe iliyoandikwa, hataenda na hotuba, ataenda kuuliza habari za cherehani.

Daftari hilo lina miiko yake. Watu wengi wa eneo hili wamekimbia vita, na kwa mtu aliyekimbia vita, orodha ya majina si kitu cha mchezo. Omba ruhusa kabla ya kuandika. Mweleze mtu nani atakayesoma. Usiandike ugonjwa wake, kabila lake wala siri za ndoa yake. Daftari lifungiwe kabatini, lisizunguke kwenye mkoba wa kwaya. Na picha ya mtu akipokea msaada isiende kwenye kundi la WhatsApp bila idhini yake; aibu ya mtu si tangazo la kanisa.

Mtembeleaji mmoja asipewe nyumba zaidi ya tano au sita. Ukimpa ishirini, hatatembelea hata moja. Watembelee wawili wawili, na pasiwe na mwanamume anayekwenda peke yake kwa mwanamke aliye peke yake au kwa mtoto. Kanuni hiyo iandikwe, isomwe mbele ya kanisa, na imguse mchungaji mwenyewe. Kanisa lisilolinda watoto halina huduma, hata likiwa na kwaya ya malaika.

Uliza kabla ya kupanga

Waswahili husema asiyekuwepo na lake halipo. Kamati nyingi za huduma hukaa mezani bila hata mmoja wa wale watakaohudumiwa, kisha hushangaa watu wasipotokea. Semina ya ndoa inapangwa siku ya soko, wakati kila mwanamke yuko na bidhaa zake. Mkutano wa vijana unapangwa wakati wa palizi. Nguo za mitumba zinagawiwa kwa watu ambao shida yao ni kisima kilichokauka.

Kabla ya kuanza kazi mahali papya, zunguka kwanza. Msalimie mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, kwa maana ndiye ajuaye nani kahamia, nani kafiwa na nani anagombania mpaka wa shamba. Ongea na wahudumu wa afya wa kijiji, mwalimu mkuu, wazee wa ukoo, mwenye duka, na vijana wa bodaboda waliopaki kwenye kivuli. Hao huona mengi. Waulize akina mama kwenye bomba la maji, na waulize wakiwa peke yao, kwa sababu mbele ya waume zao jibu litakuwa lingine. Swali moja latosha: "Ni jambo gani linawanyima usingizi hapa, na ninyi wenyewe mmeshajaribu nini?" Sehemu ya pili ya swali ndiyo yenye thamani zaidi. Inakuonyesha kwamba kazi imeshaanza kabla hujafika, na kwamba wewe ni wa kuongeza nguvu tu.

Katika eneo la wakimbizi uliza pande zote mbili. Bidi Bidi, wilaya ya Yumbe, ilifunguliwa Agosti 2016, na katika miezi michache ilikuwa na watu zaidi ya 250,000 kutoka Sudan Kusini. Imvepi ilifuata Februari 2017, na Rhino Camp ilikuwepo tangu zamani. Ardhi iliyopokea watu hao ilikuwa na wenyewe, na wenyewe walikuwa na umaskini wao. Ndiyo maana utaratibu wa Uganda unataka sehemu ya huduma, kwa kawaida asilimia 30, iwafikie wenyeji. Kanisa likichimba choo kwa wakimbizi na kumpita mwenyeji anayewaazima ardhi, limepanda ugomvi wa kuni na maji utakaolipuka baadaye. Tena watu wa West Nile wanaijua hali hiyo kutoka upande wa pili. Baada ya serikali ya Amin kuanguka 1979, maelfu kwa maelfu yao walivuka mpaka kuingia Sudan na Zaire, wakaishi huko kwa fadhila za majirani. Mwambie mwenyeji akukumbushe miaka hiyo. Mara nyingi ndipo mlango wa ukarimu unapofunguka.

Lugha ya nyumbani na lugha ya soko

Arua na Koboko ni mahali pa lugha nyingi: Kilugbara, Kikakwa, Kialur, Kimadi, Kinubi, Kiarabu cha Juba, Kilingala, na Kiswahili kinachowaunganisha wafanyabiashara, askari wastaafu na Wakongomani. Mhubiri akisema Kiingereza, kikatafsiriwa Kilugbara, na Mkakwa akajitafsiria mwenyewe kichwani, kinachofika ni kivuli cha alichosema.

Radio Pacis imelifanyia kazi jambo hili kuliko wengi wetu. Kituo hiki cha Dayosisi Katoliki ya Arua kilianza kurusha matangazo 2004 chini ya Padri Tonino Pasolini wa shirika la Comboni. Hakikuishia kwenye Kiingereza. Kilitangaza kwa Kilugbara, Kimadi, Kialur na Kikakwa pia. Mwaka 2007 kilipata tuzo ya BBC ya kituo kipya bora cha redio Afrika. Msikilizaji aliyezoea kuambiwa mambo ya serikali kwa lugha ya ofisini alisikia afya, kilimo, haki na dini vikizungumzwa kwa lugha ya mama yake.

Kanisa dogo halihitaji redio ili kufanya vivyo hivyo. Tumia Kiswahili au Kiingereza kwenye tangazo la hadhara, lakini kwa mambo ya moyoni, yaani msiba, ndoa, toba na mgonjwa, mtume mtu wa lugha ya nyumba hiyo. Katika daftari, nafasi ya lugha ndiyo itakayokuambia umtume nani. Na yule mzee wa Kikakwa au binti wa Kilingala utakayemtuma usimfanye mkalimani wako. Mpe kazi yenyewe. Yeye ndiye mhudumu wa nyumba ile.

Msaada usiwe chambo

Sehemu kubwa ya watu wa Yumbe ni Waislamu. Arua na Koboko zina Wanubi na misikiti ya siku nyingi, na ukoo mmoja unaweza kuwa na shehe na katekista waliokula sahani moja tangu utotoni. Kanisa linaloleta unga na kudai mtu ahudhurie ibada kwanza linaharibu mambo matatu kwa mpigo: linamdhalilisha mwenye njaa, linamtia hasira jirani yake, na linajaza viti kwa watu ambao wataondoka siku unga utakapokwisha.

Mashirika makubwa ya misaada, yakiwemo ya Kikristo, yalikubaliana 1994 katika kanuni za maadili za Msalaba Mwekundu kwamba msaada hutolewa kwa kuangalia uhitaji peke yake na hautatumiwa kueneza msimamo wa kidini au wa kisiasa. Baadhi ya wahubiri huona kanuni hiyo inawafunga mdomo. Sivyo. Hubiri kwa ujasiri, na gawa chakula kwa haki. Ila usifunge kimoja kwenye kingine. Mgao wa chakula katika makazi ya wakimbizi Uganda umepunguzwa mara kadhaa tangu 2020, na 2023 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani likaanza kugawa kwa makundi kulingana na uhitaji. Katika hali kama hiyo uwezo wako juu ya mtu mwenye njaa ni mkubwa mno. Usiutumie.

Ukigawa kitu, mwite kiongozi wa msikiti wa jirani asaidie kupanga orodha. Atakutajia wajane ambao wewe huwajui, nawe utamtajia wako. Njia hiyo haikugharimu kitu, na siku kukitokea uvumi mbaya mjini utakuwa na mtu wa kumpigia simu.

Msaada wenyewe nao uwe na mwisho unaoeleweka. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, walisema wahenga. Jembe la siku hizi laweza kuwa kikundi cha kuweka na kukopa: watu ishirini hivi, sanduku moja, funguo tatu zinazoshikwa na watu watatu tofauti, kila wiki hisa zinahesabiwa mbele ya wote, na mwisho wa mwaka wanagawana akiba na faida. Fedha za nje zisiingie kwenye sanduku hilo. Zikiingia, watu huacha kulilinda, maana la kuja bila jasho halina uchungu.

Hesabu mbele ya watu

Huduma nyingi hazifi kwa kukosa imani. Zinakufa kwa minong'ono ya fedha. Bandika ukutani karatasi moja kila mwezi: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Stakabadhi zishikwe na mtu asiye ndugu wa mchungaji. Ikiwa mfadhili ametoa fedha kwa kisima, watu wa kijiji waambiwe kiasi chake kabla fundi hajaja. Anayeona ugumu kubandika karatasi hiyo ameshajibu swali ambalo hakuna aliyemwuliza.

Kaa, kisha kabidhi

Tarehe 24 Juni 1981 wanajeshi wa serikali waliingia misheni ya Katoliki ya Ombaci, nje kidogo ya Arua, ambako watu wa mjini na vijijini walikuwa wamekimbilia wakitafuta usalama, wakaua makumi ya raia. Watu hawakukimbilia Ombaci kwa sababu ya mahubiri ya wiki ile. Walikwenda kwa sababu kwa miaka mingi misheni ile ilikuwa mahali palipowajua. Imani ya aina hiyo haijengwi kwa kampeni. Inajengwa na mtu aliyezika pamoja nawe, akapanga foleni pamoja nawe, na hakuhama mambo yalipokuwa magumu. Hata wakimbizi wameonyesha hilo: vita vilipolikumba eneo la Kajo-Keji, dayosisi ya kule ya Kanisa la Kiaskofu la Sudan Kusini ilihamia Moyo, upande wa Uganda, pamoja na watu wake, askofu akawa mkimbizi miongoni mwa wakimbizi.

Kukaa, hata hivyo, kusigeuke kung'ang'ania. Wamisionari wa Africa Inland Mission walifika Arua 1918 na kuanza kazi Mvara. Walikubali kazi yao iwe sehemu ya Kanisa la Uganda, hawakuanzisha dhehebu lao pembeni. Dayosisi ya Madi na West Nile ilipoundwa 1969, askofu wake wa kwanza alikuwa Silvanus Wani, Mkakwa wa Koboko. Mwaka 1977, baada ya Askofu Mkuu Janani Luwum kuuawa, Wani ndiye aliyekabidhiwa Kanisa zima la Uganda katika kipindi cha hatari, akaliongoza mpaka 1983. Mtoto wa nyumbani alikuwa tayari kwa sababu waliomtangulia walimfundisha na kumpa nafasi mapema.

Basi kila mwenye kazi kanisani awe na mtu anayejifunza kazi hiyo kando yake. Anayeshika daftari awe na msaidizi. Anayefundisha watoto awe na kijana wa kumpokea. Weka tarehe ya kukabidhi na uitangaze, kwa kuwa tarehe isiyotangazwa haifiki.

Miezi mitatu ya kwanza

Ukitaka kuanza, usingoje bajeti mpya. Mwezi wa kwanza chagua mtaa mmoja tu, tuseme nyumba thelathini, na watembeleaji sita wenye lugha zinazozungumzwa pale. Wazunguke, wasalimie, wasikilize, waandike. Wasiahidi kitu. Ahadi iliyotolewa mlangoni kwa huruma ndiyo deni la kwanza linalowavunja watu moyo.

Mwezi wa pili kaa na watembeleaji na watu watano wa mtaa huo, wakiwemo wanawake wawili na kijana mmoja, msome yale yaliyoonekana mara nyingi bila kutaja majina. Chagueni jambo moja linalowezekana kwa mikono na fedha mlizonazo: bomba bovu, watoto wasio na sare, wazee wasioweza kulima. Likiwa ni jambo la mtu mmoja, kama ule mkanda wa cherehani, lifanyeni bila matangazo.

Mwezi wa tatu rudini kwenye kila nyumba, hata ile iliyowafungia mlango. Ulizeni mambo mawili: tulichofanya kimekusaidia nini, na tumekosea wapi? Andikeni majibu yote mawili, hasa la pili. Kisha wapeni watu wa mtaa huo waamue kama mnaendelea nao, na nani kati yao atashika daftari. Wakikubali kulishika, nendeni mtaa wa pili. Wakikataa, kaeni miezi mitatu mingine. Bado hamjamaliza kazi ya kwanza.

Mkutano mkubwa unaweza kupangwa baada ya hapo. Utakuwa na wenyeji wa kuwapokea waliokuja, na kila atakayeinua mkono atapata mtu wa lugha yake wa kumwuliza anaishi wapi na wa kumtembelea kabla wiki haijaisha.